Muuguzi Hukaguliwa Kila Miaka Mitatu, Mwajiri Wake Je?



Mimi ni muuguzi hapa Uingereza. Kila baada ya miaka mitatu lazima niketi mezani na faili langu na kulithibitishia Baraza la Wauguzi na Wakunga kwamba bado nastahili kuitwa muuguzi. Nionyeshe nimefanya kazi saa zisizopungua 450. Nionyeshe nimejiendeleza kimasomo kwa saa 35. Nilete maoni matano ya watu walioiona kazi yangu, niandike tafakuri tano juu ya yale niliyojifunza, kisha nikae na mwenzangu aliyesajiliwa tuzijadili. Nisipofanya hayo, jina langu linaondolewa kwenye rejista, na muuguzi asiye kwenye rejista hana ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi.

Silalamiki. Anayeshika maisha ya watu lazima akaguliwe, na akaguliwe tena. Ninachouliza leo ni hiki: mwajiri aliyepewa leseni ya kutuleta hapa kutoka Dar, Nairobi, Kampala au Bujumbura, yeye anarudi lini mezani na faili lake?

Jibu ni kwamba tangu tarehe 6 Aprili 2024 hana siku ya kurudi.

Kwa wasioujua utaratibu, nieleze kidogo. Kampuni au hospitali ikitaka kuajiri mtu kutoka nje, huomba Home Office leseni ya udhamini. Mwaka 2025 ada ilikuwa pauni 574 kwa mwajiri mdogo na pauni 1,579 kwa mkubwa. Akipewa, jina lake huingia kwenye orodha ya wadhamini ambayo serikali huichapisha, na anaweza kutoa cheti cha udhamini kwa kila mtu anayemwajiri. Bila cheti hicho huombi viza ya kazi. Zamani leseni hiyo iliishi miaka 4. Ikikaribia kwisha, mwajiri aliomba ihuishwe na kulipa ada upya, na Home Office ilipata nafasi ya kumtazama tena. Aprili 2024 utaratibu huo ulifutwa. Leseni zilizokuwa zinaelekea kwisha ziliongezewa miaka 10 bila mtu kuomba.

Kuna watakaosema kwamba mwajiri bado huomba kila mwaka idadi ya vyeti anavyohitaji, na kwamba Home Office inaweza kubisha hodi siku yoyote. Ni kweli. Lakini ombi la kila mwaka ni la hesabu ya nafasi, halimuulizi kama waliokwisha kuja wanalipwa sawasawa. Na huyo mgeni wa kubisha hodi siku yoyote, tutaona hapa chini ni wachache kiasi gani.

Naomba nisimulie niliyoyaona kwa macho yangu. Nilipofika nchi hii sikuanzia hospitali. Nilianzia kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, ambayo sitaitaja jina. Wenyewe tulizoea kuita kazi ya kea, na wale wa zamani mnajua kwamba baada ya kubeba maboksi, kea ndiyo iliyotusomeshea wadogo zetu. Pale tulikuwa kama ishirini kutoka Afrika na Ufilipino. Zamu zilikuwa za saa 12, na ule muda wa kukabidhiana wagonjwa asubuhi na jioni haukulipwa. Ukiuliza, unaambiwa litashughulikiwa. Mwaka mzima halikushughulikiwa.

Siku moja meneja akaanza kuwa na haraka isiyo ya kawaida. Tukaitwa mmoja mmoja ofisini. Anwani yako ya sasa ni ipi? Pasipoti yako iko wapi, tupige nakala. Mkataba wako unasema saa ngapi, na umekuwa ukifanya ngapi? Mwezi ule hati za mshahara zikaja na mstari mpya: malimbikizo ya muda wa makabidhiano. Dada mmoja wa Kifilipino, mzoefu kuliko sisi sote, akacheka akasema leseni yao inakwisha wiki chache zijazo.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kuhuisha. Hakuna mkaguzi aliyefika na wala hakuna aliyetuhoji. Ilitosha mwajiri kujua kuwa iko tarehe, na kwamba tarehe hiyo ikifika huenda akaulizwa. Najua mtasema huo ni usafi wa siku ya mgeni, nyumba hufagiliwa mgeni akitangaza kuja. Sawa. Lakini nyumba isiyotarajia mgeni haifagiliwi kabisa, na ile pesa ya malimbikizo nililipia ada ya shule ya mdogo wangu.

Sasa nisije nikaonekana nauremba utaratibu wa zamani. Haukuwa mzuri kiasi hicho, maana ulikuwa ukaguzi wa karatasi. Aliyekuwa mkaguzi huru wa mipaka na uhamiaji, David Neal, aliandika ripoti juu ya viza za kazi ya kea, ikachapishwa Machi 2024. Alikuta vyeti 275 vilitolewa kwa jina la nyumba ya wazee ambayo haikuwepo duniani. Alikuta kampuni iliyosema ina wafanyakazi 4 ikapewa vyeti 1,234. Na alikuta afisa mmoja wa ukaguzi kwa kila wadhamini 1,600. Hebu fikiri: mimi wodini nikipewa wagonjwa kumi na mbili peke yangu najaza fomu ya malalamiko. Huyu mwenzangu kapewa waajiri elfu moja na mia sita!

Kwa hiyo haya yalitokea wakati kuhuisha bado kupo. Dawa ilikuwa kuupa ukaguzi meno. Wao wakang'oa hata lile jino moja lililokuwepo.

Kwa haki, ziko sababu za kufuta. Serikali ilisema inapunguza mzigo wa makaratasi kwa waajiri na kwa maafisa wake. Pia mwajiri mzembe aliyesahau tarehe alipoteza leseni, na wafanyakazi wake wakapoteza viza kwa kosa la meneja asiyeangalia kalenda. Hiyo ilikuwa dhuluma, sikatai. Lakini dawa ya kusahau tarehe ni kumkumbusha mtu, na kumlinda mfanyakazi wakati mwajiri anaadhibiwa. Kuifuta tarehe si dawa.

Baada ya mlango kufunguliwa bila mlinzi, ikaja hasira ya kuufunga. Viza ya kea ilifunguliwa Februari 2022. Machi 2024 wafanyakazi wapya wa kea wakazuiwa kuja na mume, mke au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri wafanyakazi wa kea kutoka nje ukafungwa kabisa. Katikati ya hayo, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, Home Office ilifuta zaidi ya leseni 470 za waajiri wa sekta hii, na wafanyakazi wapatao 40,000 walihusika.

Tujiulize, leseni ikifutwa nani anaumia? Mwajiri anazuiwa kuomba tena kwa muda. Mfanyakazi anapokea barua kwamba viza yake imefupishwa, kwa kawaida hadi siku 60, na ndani ya siku hizo apate mdhamini mwingine au aondoke nchini.

Namjua mama mmoja kutoka magharibi mwa Kenya. Tulikutana kanisani, akaniita dada ingawa kanizidi miaka kumi. Alikuja mwaka 2023 kwa kampuni ya kea ya majumbani. Kabla ya kuja alikopa kwenye sacco, maana ajenti alidai pesa nyingi. Alipofika aliahidiwa saa 39 kwa wiki, akapewa 15, wiki nyingine 10. Hakulalamika. Alalamike kwa nani, wakati anayemnyima saa ndiye aliyeshika cheti chake? Kisha kampuni ikafutiwa leseni. Hakuwa na kosa hata moja.

Nilimsaidia kuandika maombi. Tuliandika usiku baada ya zamu zangu, nyumbani kwangu, chai ya maziwa mezani. Waajiri wengi hawakujibu. Mmoja alijibu kwamba anahitaji mtu mwenye leseni ya udereva ya Uingereza na gari. Mwingine alimwambia waziwazi kwamba cheti kipo ila kina bei yake. Siku ya hamsini na nne alikata tiketi ya ndege akarudi, ili jina lake lisichafuke kwa kupitiliza muda.

Siku niliyomsindikiza alisema neno ambalo sijalisahau. Alisema, dada, kwetu kwenye sacco nimeacha wadhamini watatu. Mimi nisipolipa, wao ndio watakaokatwa. Huku nilikuwa na mdhamini mmoja. Yeye ndiye aliyekosa, na mimi ndiye ninayelipa.

Ndugu zangu, hebu tulitafakari neno hilo. Kwa Kiswahili chetu, mdhamini ni mtu anayejitia mwenyewe kwenye hatari kwa ajili ya mwingine. Anayemdhamini mtuhumiwa mahakamani hupoteza dhamana mtuhumiwa akitoroka. Anayemdhamini mkopaji hulipa mkopaji akishindwa. Udhamini wa viza umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Anayedhaminiwa ndiye anayebeba hatari yote, na mdhamini anabeba ada ya leseni tu. Hata wajibu wake mwingi ni wa kutuchungusha sisi: tusipofika kazini siku 10 mfululizo bila ruhusa lazima aripoti ndani ya siku 10 za kazi. Je, nani anaripoti kwamba yeye hajalipa mshahara siku 10?

Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwasikitikia ndugu zetu wa Uarabuni kwa sababu ya kafala. Tunao haki ya kusikitika, maiti zilizorudishwa Nairobi na Kampala tumezipokea. Lakini tusidhani sisi wa Ulaya tumesalimika kwa sababu barua zetu zimeandikwa kwa lugha ya upole. Kafala maana yake nini kama si udhamini? Oman kuanzia Januari 2021 iliondoa sharti la mfanyakazi kupata barua ya kutopingwa na mwajiri wake wa zamani anapomaliza mkataba na kutaka kuhamia kwa mwingine. Mageuzi hayo yana mapengo mengi, ila yameelekea upande sahihi: kulegeza kamba kati ya mtu na bosi wake. Hapa Uingereza kamba inakazwa. Novemba 2025 serikali ilipendekeza wafanyakazi wa kea na wengine wa ngazi hiyo wasubiri miaka 15 kabla ya kupata ukaazi wa kudumu, badala ya 5. Yaani miaka 15 ya kumtegemea mdhamini ambaye hana hata siku moja ya kuulizwa kama bado anafaa kudhamini.

Na wasituambie haiwezekani. Februari 2004 wachuma kombe wa Kichina wasiopungua 21 walizama ghuba ya Morecambe, wakifanya kazi usiku chini ya bwana asiyejali. Nchi ilishtuka, na mwaka ule ule Bunge likapitisha sheria ya kuwapa leseni wanaosambaza vibarua kwenye mashamba, ukusanyaji wa kombe na viwanda vya chakula. Leseni ile iliwekwa iwe ya mwaka mmoja, na kila mwaka ihuishwe. Kwa hiyo anayepeleka watu kukata kabichi alitakiwa kuhuisha leseni kila mwaka. Anayepeleka watu kumwosha bibi asiyeweza kusimama, kumpa dawa na kumlisha, hahuishi chochote. Kabichi imekuwa na thamani kuliko bibi?

New Zealand nayo ina utaratibu wake tangu mwaka 2022. Mwajiri lazima athibitishwe kwanza. Uthibitisho wa mara ya kwanza ni wa miezi 12, na ukihuishwa kwa kawaida ni miezi 24. Wao pia walijikwaa. Mwaka 2023 wahamiaji kutoka India na Bangladesh walikutwa Auckland wamerundikana kwenye nyumba chache, hawana kazi waliyoahidiwa, na mapitio yaliyotolewa Februari 2024 yalionyesha kwamba idara ya uhamiaji ililegeza ukaguzi ili maombi yaende haraka. Kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi. Lakini wenzetu wale wana jambo moja ambalo sisi hatuna: tangu Julai 2021 wameweka viza maalumu kwa mfanyakazi aliyenyonywa, inayompa hadi miezi 6 ya kuondoka kwa mwajiri mbaya na kutafuta mwingine. Anayejua ana pa kwenda atasema ukweli mkaguzi akija. Asiye na pa kwenda atamsifu bosi.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Msimamo wangu ni huu.

Kwanza, leseni ya udhamini irudishiwe ukomo, na kwa sekta ya kea muda uwe mfupi, mwaka mmoja au miwili. Anayefanya vizuri hatapata tabu, kama mimi ninavyopita kila baada ya miaka mitatu bila kukosa usingizi.

Pili, kuhuisha kusiwe kwa karatasi za mwajiri peke yake. Mimi natakiwa nilete maoni ya watu wengine juu ya kazi yangu. Basi na mwajiri alete ya kwetu. Mkaguzi aongee na wafanyakazi bila meneja kuwepo, kwa lugha wanayoielewa, na alinganishe saa zilizo kwenye cheti na pesa iliyoingia benki. Hilo halihitaji utaalamu mkubwa. Kodi ya kila mshahara iko tayari kwenye kompyuta za serikali.

Tatu, leseni ikifutwa, mfanyakazi asiye na kosa apewe muda wa kutosha na ruhusa ya kufanya kazi wakati anatafuta. Siku 60 hazitoshi hata kupata majibu ya uhakiki wa polisi na barua za marejeo. Chama cha wafanyakazi cha Unison kimependekeza viza inayofungwa kwa sekta nzima badala ya mwajiri mmoja. Namuunga mkono anayesema hivyo. Sheria ya Employment Rights Act ya mwaka 2025 imeweka msingi wa shirika moja la kusimamia haki za wafanyakazi, Fair Work Agency. Tulidai lisiwe kibao cha ofisi tu.

Nne, serikali zetu. Kenya ilitia saini na Uingereza makubaliano ya wafanyakazi wa afya Julai 2021, kwa sherehe na picha. Ni vizuri. Lakini makubaliano ya kupeleka watu yasiyosema nini kitafanyika mwajiri akifutiwa leseni ni kama kumwozesha binti bila kujua atarudi kwa nani ndoa ikivunjika. Kenya yenyewe mwaka 2014 ilifuta leseni za mamia ya mawakala wa kupeleka watu Uarabuni, kwa hiyo inajua leseni ni nini na kuifuta ni nini. Balozi zetu za London, ya Tanzania, Kenya, Uganda, zote, zingeweza kuwa na dawati moja la kusikiliza watu wa aina ya mama yule. Tunaomba dawati na simu inayopokelewa, hatuombi ikulu.

Tano, na hili linauma, ni sisi wenyewe. Wanaouza vyeti vya udhamini mara nyingi si Wazungu. Ni Mswahili mwenzako, anasali nawe, anakualika kwenye harusi, ana namba za kaka zako huko Mbeya na Kisumu. Kikulacho ki nguoni mwako. Tunawajua, tunanyamaza, halafu tunachanga pesa ya tiketi ya aliyeumizwa. Tangu Desemba 31, 2024 ni marufuku mwajiri kumbebesha mfanyakazi mwenye viza ya Skilled Worker gharama ya leseni au ya cheti. Anayekutoza "bei ya cheti" anavunja kanuni, hata akikuita mwanangu.

Kwa mlioko nyumbani na mnaoambiwa kuna nafasi: orodha ya wadhamini iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, tafuta jina la kampuni kabla ya kuuza shamba. Jina kuwepo si dhamana kwamba bosi ni mwema, nimeshaeleza kwa nini. Lakini jina kutokuwepo ni jibu tosha. Na anayekuambia leo kwamba atakuletea viza ya kea kutoka Afrika, mkumbushe tarehe 22 Julai 2025.

Mwezi ujao nitaanza kukusanya tena karatasi zangu za miaka mitatu. Nitaandika tafakuri zangu tano, na moja nitaiandika juu ya mama yule, kwa sababu alinifundisha jambo kuhusu kazi hii ambalo sikulisoma chuoni. Wadhamini wake watatu wa sacco bado wanakatwa. Kampuni iliyomleta ilishasahau jina lake.

Naomba kuwasilisha.